Kwa nini hatuagizi kioo cha bafu kabla tailizi hazijabandikwa

Mteja mmoja wa Mbezi Beach, Dar es Salaam, alituandikia sisi mafundi wa milango ya kioo ya bafuni ujumbe mrefu hivi karibuni akisema kwamba tunataka kumtapeli. Alikuwa ametupigia simu akiwa na vipimo vya bafu lake, vilevile vilivyoandikwa kwenye ramani ya nyumba, akataka tumtajie bei ya mlango wa kioo wa sehemu ya kuogea na tuagize siku hiyohiyo. Tulimjibu kwamba bei ya makadirio tunaweza kumpa, lakini kioo hakitaagizwa mpaka fundi wetu aje kupima mwenyewe, baada ya tailizi za ukutani na za sakafuni kubandikwa na kukauka, na kwamba kazi hiyo ya kupima ina ada yake. Kwa maoni yake, kumtoza mtu fedha kwa kushika futikamba ni wizi, hasa kwa kuwa duka moja la Kariakoo lilikuwa tayari kumuuzia kioo cha ukubwa uleule kwa bei inayokaribia nusu ya bei yetu, bila kupima chochote. Si yeye peke yake anayesema hivyo, na maneno hayo yanagusa heshima ya kazi yetu. Kwa hiyo tumeamua kueleza kwa kirefu ada hiyo inalipia nini, na nini humpata anayeikwepa.

Kioo kinachofaa bafuni ni kioo cha tempa. Kiwandani huchukua kioo cha kawaida ambacho tayari kimekatwa kwa kipimo, kimesagwa kingo na kimetobolewa matundu yote ya bawaba na ya mkono wa kushikia. Hukipasha moto kwenye tanuri mpaka kinapita nyuzi joto 600 za Selsiasi, kisha hukipooza ghafla kwa upepo mkali unaopulizwa pande zote mbili. Uso wa nje huwahi kuganda. Kiini kinapopoa baadaye hutaka kusinyaa na kuuvuta ule uso, nao hubaki umebanwa kwa nguvu kubwa. Mbano huo ndio unaokifanya kioo hiki kiwe imara takribani mara nne mpaka tano kuliko kioo cha kawaida cha unene uleule, na ndio unaokifanya, siku kikivunjika, kisambaratike chote kuwa vipande vidogo visivyo na ncha ndefu za kumchoma mtu aliye uchi na mwenye miguu mitupu. Kwa sababu ya mbano huohuo, kioo cha tempa kikishatoka tanurini hakikatwi tena wala hakitobolewi. Fundi cherehani akikosea anaweza kufumua mshono. Sisi tukiletewa kioo kilichozidi kwa milimita 5 hatuna la kukifanya, na mwenye nyumba hulazimika kununua kingine.

Sasa tazama jinsi vipimo vya ramani vinavyoliwa. Chukua nafasi ya kuogea iliyo kati ya kuta mbili zinazotazamana, ambayo ramani inasema ina upana wa sentimita 90 kutoka tofali hadi tofali. Fundi akipiga plasta ya milimita 15 kila upande, kisha tailizi pamoja na gundi yake zikachukua milimita 12 nyingine kila upande, nafasi imepungua kwa milimita 54. Na hapo tunachukulia kwamba plasta ni ya unene mmoja kuanzia juu mpaka chini, jambo ambalo kwa kweli hatulikuti mara nyingi. Fundi wa plasta hurekebisha makosa ya fundi mwashi, na fundi wa tailizi hurekebisha makosa ya fundi wa plasta. Makosa yote yaliyobaki hukutana kwenye kioo, ambacho kimenyooka na hakikubali kupindishwa.

Ndiyo maana fundi wetu hapimi upana mara moja. Hupima chini, katikati na juu, kisha huziangalia kuta zote mbili kwa timazi au kwa pima ya mwanga ili ajue kila ukuta umelala kuelekea wapi na kwa kiasi gani. Ukuta ukiwa umelala kwa milimita 10 katika urefu wa mita 2, kioo kilichokatwa mraba kitaacha mwanya wa milimita 10 upande mmoja, na mwanya wa namna hiyo hauzibwi kwa silikoni ukadumu. Akipima vizuri tunaagiza kioo ambacho upande mmoja umekatwa kufuata mlalo wa ukuta. Tulifanya hivyo kwenye ghorofa moja ya zamani Upanga, ambako ukuta ulikuwa umelala kwa milimita 14. Tuliagiza kipande cha pembeni kikiwa kipana zaidi juu kuliko chini, kikaingia mahali pake siku hiyohiyo, na ukikitazama ukiwa mlangoni huwezi kujua kwamba ukuta ule haujanyooka. Kazi kama hiyo haionekani kwenye risiti, lakini ndiyo tunayoijivunia kuliko nyingine zote.

Baada ya upana, fundi hugonga tailizi mojamoja kwa vidole mahali zitakapokaa bawaba. Tailizi ikitoa sauti ya uwazi, maana yake gundi haikuenea nyuma yake, na skrubu ikikazwa hapo itaipasua. Wateja hawalitilii jambo hili uzito kwa sababu hawajui uzito wa kioo chenyewe. Kioo cha unene wa milimita 10 kina kilo 25 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo mlango wa upana wa sentimita 70 na urefu wa mita 2 una kilo 35, zote zikining'inia kwenye bawaba mbili na kuyumba kila unapofunguliwa. Tabata tuliitwa kwenye nyumba ambayo mlango ulikuwa umefungwa na fundi aliyepitia tu pale akifanya kazi nyingine, tena kwenye ukuta wa tofali zenye matundu, kwa plagi fupi za plastiki ambazo hata kufika kwenye tofali hazikufika. Bawaba ya juu ilikuwa imeng'oka na tailizi yake, na mlango ulikuwa umeegemea kwenye sinki. Kioo kilikuwa kizima kwa bahati tu. Gharama ya kubomoa tailizi, kujaza zege nyuma, kubandika upya na kuurudisha mlango ilizidi fedha zote alizodhani ameziokoa.

Fundi pia huangalia mteremko wa kizingiti. Kinatakiwa kiteremke kuelekea ndani, ili maji yanayochuruzika kwenye kioo yarudi yalikotoka. Huangalia bomba la shawa linamwaga maji kuelekea wapi, kwa sababu maji yanayopiga moja kwa moja kwenye maungio ya mlango yatatafuta njia hata kazi iwe nzuri kiasi gani. Mwisho huangalia kama mlango utapata nafasi ya kufunguka kwa nje bila kugonga choo au sinki. Tunasisitiza sana ufunguke kwa nje, kwa kuwa mtu akiteleza na kuanguka ndani, mwili wake unaweza kuuzuia mlango unaofunguka kwa ndani, na wanaotaka kumwokoa wakashindwa kuingia. Vipimo na maamuzi haya yote hufanyika katika ziara hiyo moja inayoitwa kushika futikamba, na ada yake hukatwa kwenye bei ya kazi mteja anapoagiza. Asiyeagiza kwetu hubaki na karatasi ya vipimo, na ana uhuru wa kuipeleka popote.

Njia ya mkato tunayoikuta mara nyingi ni ya mtu kununua kioo kilichokwisha kukatwa dukani na kisha kutafuta fundi wa kukifunga tu. Kimara tulikuta mlango wa namna hiyo ukiwa na mwanya wa kidole kizima upande wa juu, nao umejazwa silikoni tabaka juu ya tabaka. Silikoni yenyewe haikuwa ya bafuni, haikuwa na dawa ya kuzuia ukungu, na ilipakwa juu ya tailizi zenye unyevu na vumbi la saruji, kwa hiyo ilikuwa imebanduka kwa ndani na kugeuka nyeusi. Maji yaliyopita hapo yalikuwa yameloanisha ukuta wa chumba cha kulala kwa upande wa pili mpaka rangi ikaanza kuvimba. Mwenye nyumba alituomba tupake silikoni nyingine juu yake. Tulikataa, naye alikasirika. Hata hivyo tunasimamia uamuzi ule, kwa sababu silikoni mpya haishiki vizuri juu ya silikoni iliyozeeka, na tungepokea fedha zake kwa kazi tuliyojua kwamba haitadumu.

Kuhusu bei, tunaomba mteja alinganishe vitu vinavyolingana. Anayekutajia nusu ya bei muulize kwanza unene wa kioo, kwani milimita 6 na milimita 10 si kitu kimoja. Pili, muulize kama ni cha tempa, na uombe kuuona muhuri wa kiwanda ambao kwa kawaida huwa kwenye kona. Muhuri usipoonekana, vaa miwani ya jua ya aina ya polaroidi na ukitazame kioo kwenye mwanga wa mchana, ukikiinamia kwa pembe. Kwenye kioo cha tempa utaona mistari au madoa ya kivuli yaliyoachwa na ule upepo wa kupoozea. Tatu, uliza bawaba ni za madini gani. Nyingi za bei ya chini ni za aloi ya zinki iliyopakwa kromu, na pwani yetu hii hazina maisha marefu. Kigamboni, kwenye nyumba iliyo karibu na bahari na inayotumia maji ya kisima yenye chumvi, tulikuta kromu ikiwa imebanduka na bawaba zimeliwa mpaka skrubu hazizunguki tena. Sisi hufunga bawaba za shaba nyeupe nzito au za chuma cha pua, na kwa nyumba za karibu na bahari tunashauri chuma cha pua cha daraja la 316, ambacho kimeongezwa molibdeni ili kustahimili chumvi. Ni ghali zaidi, na hatuombi radhi kwa hilo.

Kwa wateja ambao milango yao imekwisha kufungwa, na sisi au na wengine, yapo matatizo ambayo mtu anaweza kuyachunguza mwenyewe kabla ya kutuita. Mlango ukianza kukwaruza chini, mara nyingi kioo kimeteleza ndani ya bawaba kwa sababu skrubu za kukibana zimelegea. Watu wawili wauinue mlango kidogo na kuuegemeza juu ya vipande vya mbao, kisha skrubu zikazwe taratibu kwa zamu, bila kutumia nguvu nyingi na bila kuondoa mpira ulio kati ya chuma na kioo. Kioo cha tempa kinastahimili kugongwa katikati, lakini ukingo wake na hasa kona zake ni dhaifu, kwa hiyo kamwe usikisimamishe kwa kona juu ya tailizi tupu.

Ukiona maji sakafuni, usikimbilie silikoni. Kausha pote, mwaga maji ya jagi kidogo kidogo kwenye kizingiti huku mlango umefungwa, na utazame yanapotokea. Mara nyingi tatizo ni mpira wa chini wa mlango uliokakamaa na kuwa wa njano. Mpira huo hubadilishwa kwa gharama ndogo, na kuna waliobadilisha mlango mzima kwa sababu yake. Ikibidi kupaka silikoni upya, toa yote ya zamani, safisha, acha pakauke kabisa, tumia ile ya bafuni, na usioge hapo kwa muda wa saa 24.

Madoa meupe yasiyotoka kwa sabuni ni chokaa na chumvi za maji ya kisima. Siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu huyatoa, ikiachwa kwa dakika chache kisha ikasuuzwa, mradi isigusane na mawe asilia kama marumaru halisi, kwa kuwa huyala. Usitumie steli waya, na usitumie dawa za klorini karibu na bawaba, kwa sababu klorini hutoboa hata chuma cha pua. Kufuta kioo kwa mpira wa kufutia maji kila baada ya kuoga huzuia sehemu kubwa ya madoa hayo.

Walio katika ujenzi sasa hivi tunawaomba watuite kabla ya plasta. Ziara hiyo hatuitozi ndani ya Dar es Salaam. Tunachora ukutani mahali bawaba zitakapokaa ili fundi mwashi ajaze zege kwenye tofali za hapo, tunaelewana naye kuhusu mteremko wa kizingiti, na tunamwomba fundi wa tailizi aeneze gundi kikamilifu kwenye safu hiyo ya ukuta. Kisha tunarudi kupima baada ya tailizi kukauka, na hapo ndipo kioo kinapoagizwa.