Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Lenzi Mbili na Daftari

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha mtazisikia kwa mweka hazina. Mimi nitaieleza kazi iliyotushughulisha mwaka mzima, yaani kuunda darubini ya aina aliyotumia Galileo Galilei, mtaalamu wa nyota wa Italia.

Mfano wetu ni darubini yake iliyohifadhiwa Florence. Lenzi ya mbele ina fokasi (umbali kutoka lenzi hadi miale inapokutana) ya milimita 980 na kipenyo cha milimita 37, lakini imezibwa hadi likabaki tundu la milimita 15. Sisi tumetumia lenzi ya miwani ya kusomea, plasi moja (fokasi milimita 1000), na jichoni lenzi iliyobonyea ya nguvu -20 (fokasi milimita 50). Elfu moja gawanya kwa hamsini, inakuza mara 20. Lenzi hizo zikae milimita 950 kutoka moja hadi nyingine, na bomba la nyuma liteleze ndani ya la mbele ili picha irekebishike.

Kosa lililojirudia ni kuondoa kadibodi yenye tundu, inayoziba ukingo wa lenzi ya mbele, kwa tamaa ya mwanga zaidi. Ukiiondoa, sayari ya Mshtarii (Jupita) inageuka doa lenye pindo la zambarau, kwa sababu ukingo wa lenzi haukusanyi miale mahali pamoja na katikati yake, wala rangi zote hazikutani. Rudisheni kadibodi. Kosa la pili ni kushika bomba mkononi: kinachoonekana kwa wakati mmoja ni kama nusu ya upana wa Mwezi tu, kwa hiyo bila stendi hata kuipata sayari ni bahati. Mtaalamu wa nyota Johannes Kepler alipendekeza mwaka 1611 lenzi zote mbili ziwe zimevimba. Eneo linaloonekana linapanuka, ila picha inapinduka juu chini.

Kuna wanaouliza kwa nini sifa ya darubini haimwendei Hans Lipperhey, fundi miwani wa Middelburg, Uholanzi, aliyeiombea hataza (haki ya mvumbuzi) Oktoba 1608. Alinyimwa kwa kuwa wengine nao walikuwa nacho chombo hicho na kukiiga kulikuwa rahisi mno. Kwa maoni yangu Galileo aliongeza vitu viwili: usagaji bora wa lenzi, na daftari. Tarehe 7 Januari 1610 aliona nyota tatu kando ya Mshtarii. Tarehe 13 zikawa nne. Angetazama usiku mmoja tu, asingejua kwamba zinaizunguka sayari, yaani ni miezi yake.

Miezi hiyo hiyo ya Mshtarii ndiyo iliyomfikisha mtaalamu wa nyota Ole Rømer, akiwa Paris mwaka 1676, kwenye jambo kubwa zaidi. Io, mmoja wa miezi hiyo, huizunguka sayari kwa takriban saa 42 na nusu. Rømer alitangaza mapema kwamba tarehe 9 Novemba Io angechelewa dakika 10 kutoka kwenye kivuli cha Mshtarii, kwa sababu mwanga nao huchukua muda kusafiri.

Mwakani kila kikundi kichore nafasi za miezi minne kila usiku usio na mawingu, kikipima umbali kwa upana wa Mshtarii mwenyewe. Michoro isiyo na tarehe, saa na dakika kamati haitaipokea.