Bariton ya Baba haiuzwi

Dada Tumpe, shikamoo.

Voisi yako nimeisikiliza yote, hata pale mvua ilipopiga bati nikawa sisikii unachosema. Pole na migomba kuangushwa na upepo, pole na mguu wa Mama, mwambie zile dawa anywe akiwa amekula, asinifanyie ujanja. Mimi mzima, kazi ya kuhudumia wazee ipo palepale, zamu za usiku zipo, namshukuru Mungu. Hela ya bati nimetuma Jumanne, laki tatu, angalia kwenye simu.

Sasa tuje kwenye lile uliloliweka mwishoni haraka haraka ukadhani sitalisikia. Eti Kaka anataka kuwauzia bariton ya Baba, lile tarumbeta lake kubwa la sauti ya chini, wale vijana wa matarumbeta ya harusi, ajazie hela ya bodaboda, halafu mimi nimalizie kilichobaki. Dada, sitoi. Kaka ni kaka, namheshimu, lakini naomba umsomee barua hii akiwa amekaa, asijifanye anatoka kwenda kuangalia ng'ombe.

Si unakumbuka Baba alivyokuwa anafundisha pale sebuleni, wavulana wamepanga mstari na mimi nimesimama mlangoni na ndoo. Nikiomba kujaribu naambiwa midomo itavimba, nani ataoa mtoto wa kike mwenye midomo imevimba, nenda kwaya. Nikaenda kwaya, nikaimba alto na do-re-mi zangu zile za kuandika kwa herufi, sikulalamika. Kaka akapewa bariton. Akaipiga Krismasi mbili tatu akahamia kwenye mpira, na tangu hapo imelala juu ya kabati. Sasa leo ndiye mwenye mali?

Huku Ujerumani hakuna aliyeniuliza habari ya midomo. Nilikuwa nimeshavuka arobaini nilipoingia kwenye kundi la matarumbeta la kanisa, wakaniazima chombo bure, wakanipa mzee mmoja mwalimu mstaafu anifundishe kila wiki bila senti. Mwezi wangu wa kwanza ilikuwa inatoka sauti ya ndama aliyeachwa zizini, jirani wa chini akanunua vya kuziba masikio, ananionyesha kabisa kwenye ngazi huku anacheka. Kumbe vidole si kazi, kazi ni pumzi na midomo, unaibana unaitetemesha ndani ya kile kikombe cha kupulizia mpaka mashavu yanauma hadi kesho yake. Halafu hawa hawasomi do-re-mi, ni mistari mitano na vichwa vyeusi vimekaa juu ya waya. Nikawa naandika do-re-mi chini kwa penseli kimya kimya. Mwalimu akaniona, nikajua leo nafukuzwa, badala yake akavuta kiti akasema nimfundishe. Sasa yule mzee anasoma nyimbo zenu kwa herufi, na tenor yake iko safi kuliko ya hao wenu wa mstari wa nyuma, nasema ukweli.

Na kabla Anko hajauliza tena, hatulipwi. Hakuna anayelipwa. Kuna daktari, kuna fundi bomba, kuna bibi wa miaka zaidi ya sabini anapiga tromboni, kuna mtoto wa shule ambaye miguu haifiki chini, wote tunapiga kwa mapenzi. Mzee akitimiza miaka themanini tunamfuata nyumbani tunampigia dirishani, tunapewa keki. Adventi, zile wiki za kabla ya Krismasi, tunapiga nje usiku, hapo ndipo ungenihurumia, baridi ya Tukuyu ni utani Dada. Kile kikombe nakiweka kwapani kisinigande mdomoni, chombo kikipoa sauti inashuka yenyewe, na valvu, zile za kubonyeza kwa vidole, zikiwa na maji ndani zinakwama katikati ya ubeti. Ila hatuachi.

Lakini nilichotaka mjue wote, hata Mchungaji mwambieni: Pasaka nimepiga Herrnhut, mji wa Wamoravian wenyewe. Mimi, Atu wa mlangoni na ndoo.

Tunaamka usiku wa manane, giza bado, tunagawanyika tunazunguka mitaani tunapiga kuwaamsha watu, taa zinawaka dirisha moja moja. Baadaye ibada inaanzia kanisani, halafu wote mnapanda hadi makaburini kwenye kile kilima chao cha Hutberg. Makaburi yenyewe ni mawe yamelala chini, karibu yote saizi moja, hata ungekuwa tajiri vipi, wanaume upande wao na wanawake upande wao. Sisi wa tarumbeta tunasimama sehemu mbalimbali, hawa wanapiga, wale kule wanajibu, mpaka jua linatoka. Wanafanya hivyo tangu 1732. Na mwaka 2024 UNESCO wakauingiza mji huu kwenye urithi wa dunia, kwa hiyo Kaka akisema dada yake anapigapiga kijijini, mwambie ni kijiji kinachojulikana.

Ila Dada, nilipokuwa nimesimama pale vidole vimekufa ganzi, sikuwaza urithi wa dunia. Wamisionari wa hawa Wamoravian ndio waliotoka huku wakafika kwetu Rungwe 1891, Pasaka ni ileile, makaburini alfajiri na matarumbeta, Baba mbele na ile koti yake ya kijivu, sisi nyuma tunateleza kwenye matope na tochi moja. Walipowataja waliolala tangu Pasaka iliyopita nikamtaja Baba kimoyomoyo, najua si wa mwaka huu, nikamtaja tu. Halafu ikafika zamu ya upande wetu, nikapiga. Kuna sauti moja ya chini kwenye ubeti wa mwisho huwa inanitoroka kila mazoezi. Siku hiyo ilitoka.

Sasa sikiliza hili. Siku nasafisha chombo nilichoazimwa nikaona maandishi kwenye ule mdomo mpana, Markneukirchen. Nikakaa kitandani. Si ndilo lile neno kwenye bariton ya Baba tulilokuwa tunalisoma vibaya makusudi ili tucheke? Ni mji wa hukuhuku jimbo la Saxony, upande wa pili karibu na Cheki, wanatengeneza ala za muziki tangu mafundi wa violini waanzishe chama chao 1677. Nikapanda treni nikaenda. Wana makumbusho, kuna tuba ndefu kuliko mtu. Fundi mmoja nikamwonyesha ile picha ya zamani Baba ameikumbatia bariton, akaikuza kwenye simu, akasema hiyo kama haijatoboka inarudi, hizi valvu za kuzunguka zikisafishwa vizuri zinadumu sana.

Kwa hiyo tafadhali. Iteremsheni kabatini. Nasikia Kaka alimimina mafuta ya alizeti kwenye valvu, jamani, hayo yanaganda yanakuwa gundi. Msiongeze kitu. Msizilazimishe kwa koleo. Kile kikombe kama kimekwama msikigonge nyundo, acheni hivyo hivyo. Futeni vumbi kwa kitambaa kikavu, mpige picha mbele, nyuma, na pale valvu zilipo kwa karibu, mnitumie. Wageni wa ushirika rafiki wa kanisa la huku wakija huko nitawapa mafuta yake na kamba mpya za valvu, na kuna mmoja wao anajua kuzifungua. Gharama yote juu yangu.

Ikishapona apewe Neema. Sikuombi, nakwambia. Umesema mwenyewe mtoto anapuliza chupa za soda mpaka mnakosa usingizi, hayo ni mapafu ya Baba hayo. Do-re-mi anajua, nyingine nitamfundisha kwa video, yule mzee wangu naye kasema atakaa pembeni. Na asitokee wa kumwambia habari za midomo kuvimba. Mimi inavimba kila Alhamisi na Ijumaa iko sawa.

Bodaboda ya Kaka tutaongea baada ya msimu wa kahawa, akionyesha ameweka nusu kwa mkono wake. Ile hela ya mwaka jana ya kuku sijasahau, nimenyamaza tu.

Nimekumbuka mbalaga Dada, ndizi zetu za kupika, ile ya kwako yenye maharage, siyo ya Mama Ipyana, usimwambie.

Kaka akiona nimemkosea anipigie mwenyewe, asitume mtoto. Jumapili mchana napatikana. Alhamisi jioni asijisumbue, simu inakuwa imezimwa niko mazoezini.

Ndaga fijo, asante sana.

Mdogo wako,
Atu