Namba ya MedXPress Ibaki Mfukoni Kwanza

Mimi ndiye ninayepokea simu hapa Marekani kwenye ofisi ya daktari anayepima marubani, na mtu akipiga kuomba miadi ya medikali, yaani uchunguzi wa afya wa rubani, kabla sijamuuliza jina namuuliza kama ameshajaza fomu. Wengi hujibu ndiyo kwa furaha, na hapohapo wanaanza kunitajia namba. Huwa nawakatiza. Namba hiyo usinipe, ndugu yangu, iweke kwanza.

Mambo yako hivi. Anayetaka cheti cha afya cha FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, hujaza fomu 8500-8 kwenye tovuti ya MedXPress. Akimaliza, anapewa namba ya uthibitisho. Mpaka hapo bado yuko salama: namba isipotumika ndani ya siku 60, fomu inafutika yenyewe. Ila daktari akishaiingiza kwenye mfumo, ombi limekuwa rasmi na halirudi nyuma. Huwezi kumwambia, “Basi daktari, ngoja nikajipange.” Hata ukichukua koti lako ukaondoka katikati ya uchunguzi, alichonacho lazima akipeleke. Atakupa cheti, au atakunyima, au atalisukuma faili lako kwenye kitengo cha FAA kule Oklahoma City, nawe usubiri barua. Kusubiri huko kunaweza kula miezi. Masomo ya kuruka na mwalimu unaweza kuendelea nayo, lakini bila cheti hutaruka peke yako, na hela ya shule inazidi kuyeyuka.

Ndiyo maana tunatoa huduma ambayo wateja wengi hawajui kama ipo: kikao cha ushauri kabla ya ombi. Unakaa na daktari yuleyule aliyeteuliwa na FAA, unamweleza historia yako, naye MedXPress haigusi. Anakuambia kama ungefanyiwa uchunguzi leo ungeondoka na cheti au ungekwama, na kama ungekwama, ni karatasi zipi za kutafuta kwanza. Kikao tunakitoza, sifichi, hii ni biashara. Lakini ni nafuu kuliko kulipia uchunguzi unaoishia Oklahoma City.

Kwa Waswahili wenzangu kuna jambo moja linalonifanya nisisitize zaidi, nalo ni lugha. Swali la 18 kwenye fomu haliulizi kuhusu mwaka jana. Linauliza kama umewahi, katika maisha yako yote, kupata haya na haya, na mojawapo ni kifafa na mitukutiko ya mwili. Kijana mmoja mzaliwa wa Tanga alikuja na fomu aliyokwisha kuijaza, bahati nzuri namba hajampa mtu. Hapo kwenye swali alikuwa ameweka alama ya ndiyo, na kwenye maelezo ameandika kwa Kiingereza kwamba alikuwa na kifafa utotoni. Daktari akavua miwani, akamuuliza kilikuwa kifafa cha namna gani. Kijana akasema hajui, mama yake ndiye aliyekuwa akisimulia.

Tukampigia mama WhatsApp, simu tukaiweka mezani. “Shikamoo mama.” “Marahaba wanangu, kuna nini, mtoto mzima?” Tukamtuliza. Daktari akauliza kwa Kiingereza, mimi nikatafsiri. Mama akacheka kidogo. “Kifafa gani tena? Lile lilikuwa degedege. Mara moja tu, hajatimiza hata miaka miwili, homa ilimpanda usiku. Halikurudi tena.”

Degedege la homa la mtoto mdogo, lililotokea mara moja likaisha, FAA hailitazami kama kifafa. Kifafa kimo kwenye orodha ya maradhi yanayokunyima cheti moja kwa moja. Kijana hakuwa na nia ya kudanganya, alikosa neno la Kiingereza la degedege akachukua lililo karibu. Kama angekuwa ameshatoa namba, neno hilo lingekuwa limeingia kwenye kumbukumbu zake, na kulitoa kungemgharimu vipimo na barua. Aliandika maelezo upya: umri, homa, mara ngapi, dawa hakuna. Alama ya ndiyo aliiacha palepale, maana mtukutiko ulikuwepo kweli.

Hapo nieleweke. Kikao si darasa la kuficha. Kusema uongo kwenye fomu hii ni kosa la jinai la serikali kuu, faini hadi dola 250,000 na kifungo hadi miaka 5. Anayekuja akiuliza “nikikaa kimya watajuaje?” namfutia miadi yake.

Mengi yanayowatia watu hofu yana njia. Presha iliyodhibitiwa kwa dawa zinazokubalika daktari anaweza kuipitisha palepale ukija na barua ya daktari wako. Kikomo siku ya uchunguzi ni 155 kwa 95. Pumu isiyo kali nayo mara nyingi hupita. Baadhi ya dawa za sonona zinakubalika tangu 2010, kwa kibali maalumu chenye mlolongo mrefu, basi usizikatishe mwenyewe ili uonekane mzima. Kinachowanasa watu ni vidogo: dawa ya mzio yenye diphenhydramine inataka saa 60 tangu kidonge cha mwisho kabla ya kuruka, na mefloquine, ambayo wengine hupewa kujikinga na malaria wakienda likizo nyumbani, rubani haruhusiwi kuitumia.

Kunyimwa kuna uchungu wa ziada. Kwa leseni ya rubani wa michezo (sport pilot), ile ya ndege ndogo za kujifurahisha, unaweza kuruka ukiwa na leseni yako ya udereva wa gari tu, bila medikali, ila si kama ombi lako la mwisho la medikali lilikataliwa. Yaani mtu aliyetaka ndege ndogo ya Jumamosi tu anaweza kujifungia mlango kwa ombi ambalo hata halikuwa la lazima. Hao huwa nawauliza mapema: unataka kurusha nini hasa? Na kama nia ni kurudi kufanya kazi Kenya au Tanzania, KCAA na TCAA, mamlaka za usafiri wa anga za nchi hizo, zina madaktari na taratibu zao. Cheti cha FAA peke yake hakitoshi huko.

Ukija, dawa zote zije ndani ya chupa zake, hata za mitishamba. Njoo na miwani, karatasi za hospitali ulizonazo, na namba ya mama, shangazi au yeyote aliyekulea. Kama yuko Afrika Mashariki chukua miadi ya asubuhi, mchana wa huku yeye ameshalala.