Bakteria wa tumboni sio uchafu, na kila damu sio bawasiri

Mhariri, naomba kanafasi maana hili jambo limenikaa kooni. Wiki mbili zilizopita ukurasa wenu wa afya mlitoa habari ya bakteria wa tumboni na kansa ya utumbo mpana, habari nzuri tu, sasa chini yake palepale mmebandika tangazo la unga wa kusafisha utumbo "uondoe bakteria wote", kopo moja elfu 45. Jamani.

Hao bakteria wote wakiondoka tumekwisha. Ukila maharage, mchicha, dona, ulezi, zile nyuzinyuzi tumbo lenyewe haliziwezi, zinashuka mpaka utumbo mpana na huko bakteria wanazichachua kama mama anavyochachua togwa, kinachotoka humo kimojawapo kinaitwa butireti na ndo chakula chenyewe cha ukuta wa utumbo. Ukishinda kwenye nyama na mafuta bila nyuzinyuzi wanashamiri wengine, hao wanachukua nyongo iliyoshuka na mafuta wanaigeuza kemikali zinazouchokonoa ukuta uleule. Sio hadithi. Mwaka 2015 ulitoka utafiti wa Wamarekani weusi 20 wa Pittsburgh na watu 20 wa vijijini KwaZulu-Natal huko Afrika Kusini, walibadilishana misosi wiki 2 tu, hawa wakala vya wale na wale wakala vya hawa, basi kwa Wamarekani butireti ikapanda zaidi ya mara mbili, kwa watu wa kijijini ikashuka nusu. Wiki mbili hizo! Sisi tuko na chips mayai mwaka wa ngapi huu.

Na hapa kwetu, madaktari wa hospitali ya KCMC Moshi na wenzao wa Uholanzi mwaka 2025 wametoa majibu ya wanaume 77 wa kaskazini, waliotoka kwenye chakula cha kienyeji wakaingia cha kizungu kwa wiki 2 damu zao zikaonyesha mwili umeanza kuwaka inflamesheni (kinga ya mwili inawaka kama vile kuna kidonda), waliofanya kinyume chake ikapungua, hata kikundi kilichokunywa mbege, ile pombe ya ndizi, wiki 1 tu walipata nafuu (wazee wa Kibosho msishangilie sana, hawakusema kreti). Hawakupima kansa, niseme ukweli, ila inflamesheni ya muda mrefu ndo mojawapo ya njia ambazo kansa ya utumbo hupitia. Hiyo mbona hamkuiweka ukurasa wa mbele?

Wabaya wapo, sikatai. Kuna aina ya bakteria anaitwa E. koli inatengeneza sumu inaitwa kolibaktini, inaharibu DNA ya seli na kuacha alama kama nyayo. Mwaka huohuo 2025 watafiti walisoma vinasaba vya kansa 981 kutoka nchi 11 wakakuta hizo nyayo kwa waliougua kabla ya miaka 40 ni mara 3.3 zaidi kuliko waliougua baada ya 70, na wanaona nyingi ziliachwa tangu mtu akiwa mtoto. Halafu yuko fusobakteria, tangu 2012 wanamkuta kwenye uvimbe wa utumbo, na kwao hasa ni mdomoni kwenye fizi. Sasa huo unga wa elfu 45 utamjuaje yupi E. koli mkorofi yupi mstaarabu? Utarudi utotoni mwangu kufuta nyayo?

Kinachoniuma zaidi ni mjomba wangu. Alianza kuona damu chooni, mtaani wakamwambia bawasiri, akanunua dawa kwenye duka moja, ikaisha akanunua nyingine, akaambiwa utumbo mchafu akasafishwa, miezi 8 inaenda, anakonda, choo kinabadilika leo kigumu kesho kuharisha, na yeye kama wanaume wengi anaona aibu kuongelea mambo ya haja kubwa hata kwa mkewe. Siku alipopigwa kamera ya utumbo uvimbe ulikuwa umeshaziba nusu ya njia. Ana miaka 46. Amefanyiwa operesheni, yuko kwenye dripu za kansa, Mungu ni mwema tunasubiri.

Kwa hiyo ombi langu sio kubwa. Mkiandika tena habari ya bakteria, andikeni na damu chooni, choo kubadilika wiki kadhaa, kukonda bila sababu, kuishiwa damu, mtu aende hospitali apimwe, asiende kwa muuza makopo. Akiambiwa ni bawasiri baada ya kuangaliwa sawa, ila aangaliwe kwanza. Na lile tangazo litoeni, kama hela yake mnaihitaji sana basi lipelekeni kule kwenye kurasa za mikeka ya mpira, wenye kubahatisha watalikuta hukohuko.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Dodoma