Tusilikate ziwa katikati

Goma, Jumapili jioni

Papa Amani, ndugu yangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimecheka. Utoke Lubumbashi mpaka huku, halafu tuchukue kanoti ya mbio asubuhi, tulikate Ziwa Kivu, ili saa sita tuwe tayari Bukavu? Mle ndani unapangwa kama gunia la maharage, kioo kimejaa povu, moteri inakuziba masikio. Mimi nimepita hivyo miaka mingi kwa ajili ya biashara. Ungeniuliza Idjwi, kisiwa cha katikati ya ziwa, iko namna gani, ningekujibu ni kitu cha kijani upande wa kushoto.

Nimeanza kuijua mwaka jana tu, tulipokodi boti ya mbao, watu wanne, tukatumia siku nne. Ndiyo safari ninayotaka turudie.

Siku ya kwanza hatuendi mbali. Tunapita Tshegera, kile kisiwa kilichojikunja kama mwezi mchanga kwa kuwa ni ukingo wa volkano ya zamani, kisha tunashika pwani ya magharibi mpaka Minova. Pale tunakula, tunalala, tunaamka kungali giza. Kwa maana kuna kipande kimoja ambacho sitaki tukawie: kuvuka toka Minova kwenda Idjwi. Hapo maji yako wazi, na upepo ukishaamka mchana boti ndogo inakuwa kama kifuu. Huku kaskazini ndiko kwenye kilindi, karibu mita 485. Tuvuke alfajiri, ziwa likiwa limelala.

Tukishafika Idjwi, saa uiweke mfukoni. Uliniuliza tufuate upande gani wa kisiwa. Mashariki panavutia, lakini mpaka na Rwanda unapita majini, huoni alama yoyote, na sina hamu ya kujieleza kwa askari nikiwa nimeshika ndoano. Twende magharibi. Mbele kisiwa chenye migomba na kahawa, nyuma milima ya Kalehe, na hewa ikiwa safi unauona Kahuzi, mita 3,308. Ndiyo maana sitaki uje Julai. Kiangazi anga linajaa vumbi na moshi, milima yote inapotea.

Tena uangalie mwezi kabla ya kukata tiketi. Uchague siku za giza. Wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo, wanafunga mitumbwi mitatu pamoja kwa miti mirefu, wanatoka jioni wakiimba, kisha wanawasha taa ili samaki wapande kwenye mwanga. Mbalamwezi ikiwa kali, taa hazina kazi. Usiku wa giza, ziwa zima linakuwa kama mji. Na hao sambaza unaowapenda si wenyeji wa Kivu hata kidogo, waliletwa toka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Wageni kama wewe, ila wao walibaki!

Mwaka jana moteri ilitukatalia karibu na Idjwi, esansi, yaani petroli, tuliyouziwa ilikuwa na maji. Nilitukana mpaka nikachoka. Kisha watoto wawili wakaja na mtumbwi, wakatuuzia mananasi kwa falanga chache. Tulikula matano. Mpaka leo mke wangu akinunua nanasi sokoni, mimi natafuta kasoro.

Mamba hawamo, utaoga bila wasiwasi. Lakini kulala nje, hasa huku kwetu upande wa Goma na Sake, usijichagulie mahali mwenyewe. Kuna mazuku, ile hewa mbaya inayotoka ardhini. Ni nzito, inajikusanya mabondeni usiku upepo ukitulia, haina rangi, na mtu aliyelala chini haamki. Wenyeji wanajua mashimo yao, tutawauliza.

Gile za kuokoa maisha majini nitanunua mwenyewe, moja kwa kila mtu, na hiyo hatuibishanii. Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilizama karibu kabisa na Kituku, bandari ya hapa Goma, watu wa ufukweni wakiangalia. Boti yetu itabeba sisi na chakula chetu, hakuna abiria wa njiani, hata akilia.

Siku ya nne tungoje jioni ndipo tuingie Bukavu. Rasi zake zinatoka majini kama vidole, nyumba zinashuka mpaka kwenye maji, na jua likiwa nyuma ya mlima vioo vinaanza kuwaka kimoja kimoja. Kurudi, kama umechoka, tupande kanoti yako ya mbio. Sitanuna.

Lete sweta, ziwa liko juu mita 1,460 na usiku unauma. Na vinkubala, wale viwavi vyenu vya kula, Papa Amani, usivisahau, mfuko mzima. Mwenye boti anadai arabuni kabla ya mwisho wa mwezi, basi nitumie tarehe mapema.

Salamu kwa Mama Amani na watoto.

Ndugu yako,
Papa Neema