Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mwaka wa Kuikumbuka Ng'ambo

Ndugu wanachama, Assalaam alaykum.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Nashukuru tu kwamba deni la kusafisha picha za zamani limekwisha, kwa ada zenu.

Kazi yetu kubwa mwaka huu ilikuwa kukusanya kumbukumbu za Ng'ambo, upande wetu huu wa mji wa Zanzibar. Vijana wengi waliojiunga nasi walidhani mtaa huu ulianza na fleti. Kwa hiyo matembezi ya kwanza tuliyaanzia Darajani, palipokuwa na daraja la kuvukia mkono wa bahari. Huko Mji Mkongwe, huku ng'ambo. Waingereza, waliotuweka chini ya himaya yao mwaka 1890, waliukuta mtengano huo wakaukazia kwenye mipango yao. Maji yalifukiwa, mpaka ukabaki.

Mtu wa Ng'ambo alikuwa na nyumba yake ya miti na udongo, lakini kiwanja kilikuwa cha mtu mwingine, naye akimlipa mwenye kiwanja kodi ya ardhi. Mwaka 1928 wakaazi waligoma kulipa. Naomba mgomo huu tuwasimulie wajukuu pamoja na habari za Januari 1964, maana ulitangulia kwa miaka 36 na ulitoka kwenye vibaraza hivi hivi.

Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari, silaha zilichukuliwa kambi ya polisi ya Ziwani. Kulipokucha, redio ya Raha Leo ikatangaza kuwa serikali imepinduliwa. Yote hayo upande wetu huu. Kisha Mzee Karume akaleta wataalamu wa Ujerumani Mashariki, ikachorwa Ng'ambo mpya, na majumba marefu ya Michenzani yakaanza kupanda, watu wakibeba matofali kwa kazi za kujitolea.

Hapo ndipo matembezi yalipotugusa. Bibi mmoja, mwanachama wetu wa siku nyingi, alitusimamisha kando ya barabara kuu, akahesabu hatua kwa bakora yake, akasema: "Hapa mlango wa uani. Pale kisima." Nyumba yao ilivunjwa kupisha fleti. Baadaye alipata fleti, na anakumbuka mama yake alivyoufungua mfereji wa maji ya bomba na kuufunga, kuufungua na kuufunga, siku ya kwanza. Yote mawili tumeyaandika kama alivyoyasema, wala sitakubali tuchapishe moja bila la pili.

Tumepata na msiba. Simu tuliyorekodia iliharibika, tukapoteza mazungumzo matatu. Wazee wawili wamekubali kurudia. Wa tatu alifariki kabla hatujarudi kwake, Mungu amrehemu. Kosa ni la uongozi: hatukuweka nakala. Sasa kila mazungumzo yanahifadhiwa sehemu mbili siku hiyo hiyo.

Mwakani, inshallah, tunaingia Kikwajuni na Miembeni. Mwenye picha, risiti ya kodi ya ardhi au hata ufunguo wa nyumba iliyovunjwa, ampelekee katibu. Atapiga picha mbele yenu na kukurudishieni papo hapo.