Kwa mzee wa kijiti, lango la Tarangire

Shikamoo mzee, na asante. Mimi ni yule mwanafunzi wa kuongoza watalii uliyenikuta langoni nimekalia jiwe, daftari mapajani. Gari letu la mafunzo lilikuwa limeharibika na mtihani wa nyayo ulikuwa kesho yake. Hukuniuliza hata jina. Ulichuchumaa, ukachora vumbini kwa kijiti: fisi huacha alama za kucha, chui huzificha, duma naye, ingawa ni jamii ya paka, zake huonekana. Ukafuta, ukaniambia nichore mimi. Mara tatu! Chai yako ikapoa. Nimefaulu, mzee. Madereva mnaosubiri wageni langoni, mkimwona mwanafunzi mpeni japo dakika 10. Kijiti bado ninacho.